Lu Iliyobaki Ardhini

Mjomba wangu Polutele alijulikana kisiwa kizima kwa mambo mawili: hali kitunguu, na sala yake ya chakula haina mwisho. Kitunguu tulimsamehe. Sala ndiyo iliyotutesa. Ukikaribishwa kwake Jumapili, ukainamisha kichwa na njaa yako, yeye ataanza na mvua, aje kwenye viazi vikuu, awaombee walioko baharini, awataje ndugu walioko New Zealand mmoja mmoja kwa majina, kisha arudi tena kwenye mvua, na wewe mate yamekujaa kinywani huku tui linapoa. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumkatisha, mkewe Hepisipa. Alikuwa akimfinya paja. Mjomba anashtuka, anasema amina, tunakula.

Mimi ni Latai, mtoto wa Toakase, dada yake. Kwetu mtoto wa dada ni bwana nyumbani kwa mjomba wake, nami sikuiacha haki hiyo ilale. Niliingia jikoni kwake bila hodi, nikafunua vyungu, nikachukua nazi, nikachukua samaki, siku moja nikachukua shati lake la kanisani nikaenda nalo shambani. La kusema hakuwa nalo. "Mwizi wangu amekuja," ndiyo salamu yake, na Hepisipa anacheka kule nje anakokuna nazi.

Mama yangu ni habari nyingine. Yeye na kaka yake waliheshimiana mpaka inachosha. Tangu wabalehe hawakukaa chumba kimoja ila kanisani, hawakutaniana, hawakuongea ana kwa ana. Mama akiingia kwa mlango wa mbele, mjomba anatokea wa nyuma. Maneno yao yote yalipita kwangu. "Mwambie mjomba wako viazi vimefika." "Mwambie dada nimeshukuru." Mama alikaa mwisho wa kijiji kule, mjomba mwisho wa huku, na kanisa katikati. Njia ile niliijua hata nikifumba macho. Lakini dada akiomba kitu, kaka anatoa. Hakuna anayekumbuka mtu aliyekataa.

Maisha ya mjomba ukiyaandika yanajaa kurasa mbili. Alilima viazi vikuu, alivua akitaka, na alikuwa mtu wa umu, lile jiko letu la shimoni. Harusi ikiwepo, msiba ukiwepo, anaitwa yeye kuchimba shimo, kuwasha kuni, kupanga mawe. Mikono yake haikuwa na unywele hata mmoja kwa sababu ya joto. Jumapili alfajiri alipasha mawe nyumbani kwake, na Hepisipa alikaa mkekani anafunga lu: majani ya magimbi machanga, mbavu za kondoo za chumvi, kitunguu, tui zito, jani la mgomba juu yake, na ugwe wa gome. Ya mjomba haikuwa na kitunguu, kwa hiyo aliifunga mafundo mawili ili zisije zikachanganywa. Zinashushwa shimoni pamoja na mihogo, majani juu, magunia juu, udongo juu, watu wanaoga wanakwenda ibadani. Ukirudi, chakula tayari.

Jumapili ile Hepisipa alikaa karibu na mlango, penye upepo. Wimbo wa mwisho ulipoanza tukasimama sote, yeye akabaki amekaa. Nilimwona. Nikadhani ni joto. Alikuwa na upepeo wake mapajani na uso umetulia, unamwelekea mwanga wa mlangoni, kama mtu anayemsikiliza mwenzake anayeongea polepole. Sisi tukaendelea kuimba. Hilo linaniuma mpaka leo: tuliimba ubeti mzima wa mwisho na yeye hayupo.

Kisha boti za waombolezaji zikaanza kuja kutoka Pangai na visiwa vingine. Nguruwe, mikeka, viazi vikuu kwa vikapu. Watu wa kupika walichimba mashimo nyuma ya ukumbi wa kanisa, moshi ukafunika kijiji, na kila mtu alikula mpaka akachoka. Uani kwa mjomba palirundikwa viazi vya kuwapa wageni, rundo la kufika kifuani, pale pale ubavuni mwa jiko. Nakumbuka kijana mmoja aliyekuwa anapanga vikapu alisema, "Mbona chini hapa pana joto?" Mwingine akamjibu, "Jua hilo, panga." Hakuna aliyewaza. Kisiwa kimejaa chakula, nani atakumbuka chakula cha mchana cha Jumapili?

Msiba ukaisha, viazi vikagawanywa, boti zikaondoka. Baada ya hapo siku zikawa laini, hazina kingo. Bahari ilitulia ikawa nyeupe, mbingu nyeupe, huoni zinapokutana. Mjomba alitembea ndani ya weupe huo akiwa amevaa mkeka wake mkubwa wa msiba kiunoni, umechakaa, unaburuza. Ungemkuta amesimama mlangoni mkono juu ya kizingiti, amesahau kama alikuwa anaingia au anatoka. Nilimwibia vitu makusudi ili aniite mwizi. Hakuniita. Nilichukua panga lake zuri nikakaa nalo wiki nzima. Hakuliulizia, nami sikulirudisha. Hasira zilinipanda, na nilimkasirikia yeye, Mungu anisamehe, kwa sababu aliyenikasirisha hasa sikuweza kumfikia.

Alasiri moja nilikwenda kumpikia chai, nikamkuta amelala mkekani jikoni. Upepo ulikuwa unaingia na kutoka kwenye majani ya kuta. Nami nilianza kusinzia nimekaa. Akaamka ghafla, akakaa wima, akanitazama lakini hakuwa ananiona vizuri.

"Hepi ameniuliza kama nimefukua."

"Umefukua nini, Mjomba?"

"Alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa anajipepea. Kaniuliza, Polu, watu wana njaa, umeshafukua?" Akajipangusa uso kwa kiganja. "Umu, Latai. Umu ya Jumapili."

"Jumapili ipi?"

Akainuka. Tukatoka. Pale palipokuwa na rundo la viazi, nyasi zilikuwa zimelala, za njano, na katikati kulikuwa na kichuguu cha udongo ambacho sote tulikipita kila siku. Chakula cha Hepisipa kilikuwa humo. Alikipika, akajifuta mikono, akaenda kanisani, na sisi tukamzika tukakiacha.

Sosefo, jirani yake na mwenzake wa kunywa kava, alituona tumesimama hivyo akaja na kofia yake ya makuti. Sosefo ni mtu wa kuwa na jibu kabla hujauliza.

"Haijaharibika," alisema alipoelezwa. "Nakuambia kabisa. Udongo ndio friji la wazee wetu. Shelisheli hatuliziki? Linakaa shimoni mwaka, linatoka tunakula."

"Shelisheli halina mbavu, Sosefo," nikamwambia.

"Nyama ile ina chumvi, imeiva, nzi hajaigusa. Kinachoharibu chakula ni hewa. Hewa imeingilia wapi pale?"

"Vizuri. Utaonja wewe kwanza."

"Mimi nimeshiba." Akajipiga tumbo. "Au fanyeni hivi. Mpeni yule nguruwe wa madoa lu moja. Kesho asubuhi akiamka anatukana kama kawaida yake, basi tunakula zilizobaki."

"Hepi hakuwapikia nguruwe," mjomba akasema, na kwa sauti ile hata Sosefo akafunga mdomo.

Mjomba alifukua kwa mikono, polepole, kama anayemwamsha mtoto. Udongo ulikuwa umepoa. Magunia yakatoka, kisha majani ya mgomba, meusi, yanakatika. Mihogo ilikuwa imeota ukungu mweupe wenye manyoya. Lu zilikuwa zimelala kwenye mawe vile vile alivyozipanga Hepisipa, zimebanana, na ile ya mafundo mawili pembeni.

Harufu haikuja mara moja. Kwanza ulikuja moshi wa zamani, mtamu, na tui, na kwa kitambo kidogo nusura nami niamini; ilikuwa Jumapili, kengele zimenyamaza, Hepisipa yuko ndani anatandika mkeka wa kulia. Kisha ile ya chini yake ikapanda. Jani moja lilikuwa limepasuka, na maji ya kijivu yalikuwa yanachuruzika yakitoa povu. Nzi walitokea wapi sijui, lakini walikuwepo.

Mjomba alivuta pumzi ndefu. "Mnasikia tui hilo?"

"Mjomba, imeoza."

Sosefo alikuwa ameshaziba pua kwa kofia. "Polutele, ndugu yangu," alisema kupitia kwenye makuti, "nimeacha moto nyumbani," akaondoka upesi. Kumbe hewa inaharibu na watu wenye majibu.

Mjomba alizitoa moja moja, akazipanga kwenye jani bichi. Nikakumbuka mimi ni nani katika nyumba ile. Nikajishika kiuno.

"Nazitaka. Zote."

"Chukua." Akazisukuma kwangu, lakini ile ya mafundo mawili akaibakiza mkononi.

"Na hiyo."

"Hapana, Latai."

Tangu nizaliwe mtu yule hakuwahi kuniambia neno hilo. Nimevaa shati lake, nimeuza kuku wake, nimelala kwenye mkeka wake wa harusi na miguu ya tope. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilidhani ni huzuni tu imemziba pua, lakini nilipomtazama machoni niliona anasikia harufu ile kama ninavyoisikia mimi.

"Unajua kuwa imeoza."

"Najua. Mimi ni mtu wa umu, nisijue?"

"Itakuua."

"Labda. Labda itaniumiza tumbo tu." Aliipakata kwa viganja viwili. "Baada ya hii hakuna nyingine. Atakayenifungia tena mafundo mawili ni nani? Nikiitupa, nimemtupia chakula chake usoni. Aliniuliza kama nimefukua, Latai. Alitaka nile."

Akaingia jikoni, akakaa mahali pake, akatandaza jani mbele yake, akaiweka lu juu yake, akainamisha kichwa. Akafumba macho. Akaanza na mvua.

Nikatoka mbio.

Sijawahi kuishukuru sala ile maishani mwangu ila siku hiyo. Nilikimbia pembeni mwa kanisa, nikapita makaburi, mchanga unanikamata miguu, na kwa kila hatua nilikuwa nahesabu: sasa yuko kwenye viazi, sasa yuko baharini. Kijiji kizima kilikuwa kimelala usingizi wa alasiri. Mbwa walinitazama hawakuinuka. Niliona kama nakimbia na sisogei, kama vile mtu anavyokimbia ndotoni.

Mama alikuwa anasuka mkeka. Nilimweleza nikihema. Hakuuliza swali hata moja. Alisimama, akajifunga mkeka wake wa kiunoni vizuri kama anayekwenda kwa watu wa heshima, akatembea. Nilimvuta mkono, nikamwambia, "Mama, kimbia!" Akasema, "Siendi kwa kaka yangu nikikimbia." Nusura nimbebe.

Tulipofika alikuwa amewafikia walioko New Zealand. Sauti yake ilikuwa inatoka jikoni, ya chini, tambarare, jina baada ya jina. Mama hakuingia. Alisimama nje ya mlango, mgongo umeegemea nguzo, uso ameuelekeza uani. Tukasubiri. Majina yakaisha. Mjomba akarudi kwenye mvua, kama siku zote, akasema, "Na mvua yako, Bwana," kisha akanyamaza.

Hapo ndipo alipokuwa akifinywa. Alikuwa amenyamaza anasubiri. Nilimwona kupitia upenyo, macho amefumba, paja amelisogeza kidogo upande ule.

"Polutele," mama akasema.

Akafumbua macho. Sikuwahi kumsikia mama akilitamka jina lile mahali ambapo mwenyewe yupo.

"Dada."

"Hiyo lu naiomba."

Nzi walikuwa wanavuma. Mjomba alitazama jani lililokuwa mbele yake, akatazama mlangoni, kwenye kipande cha bega la mama kilichokuwa kinaonekana.

"Dada, hii siyo ya kukupa wewe."

"Kwa nini?"

"Si chakula tena."

"Mbona umeiombea?"

Mama hakugeuka. Aliongea na michungwa ya uani, kwa upole kabisa. "Kama inakufaa wewe, inanifaa na mimi. Nina njaa. Nipe nile."

"Imeoza, dada." Na alipolitamka hilo sauti ikamvunjika, akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile, hakulia kanisani, hakulia kaburini. "Imeoza. Hepi amekufa na chakula chake kimeoza. Siwezi kukupa ukala."

"Basi naiomba vilevile," mama akasema.

Mjomba akanipa mimi, nami nikampa mama. Hakuishika kwa ncha za vidole. Aliziomba na zile nyingine, akazipanga kwenye kikapu cha makuti, ile ya mafundo mawili juu, akakibeba mbele ya kifua kwa mikono miwili, kama inavyobebwa zawadi. Maji yalimchuruzikia kwenye mkeka wa kiunoni ambao alikuwa ameusuka kwa miezi. Mimi nilitembea nyuma yake nikipumua kwa mdomo.

Watu walikuwa wameanza kuamka. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa barazani anachambua majani, akaita, "Toakase, umebeba nini?"

"Chakula kutoka kwa kaka yangu."

Upepo ukamfikishia yule mama harufu. Nilisubiri acheke, na angecheka ningemrukia. Aliweka majani yake chini, akasimama mpaka tukapita.

Mama alizika zote nyuma ya nyumba yetu, chini ya mshelisheli, chini kabisa ambapo mbwa hafiki. Hakufungua hata moja. Alipomaliza akanawa mikono, akanuka vidole vyake, akanawa tena. "Mwambie mjomba wako nimeshukuru," akasema, kisha akakaa chini pale pale akalia, na mimi nikalia.

Sasa nimalizie, maana kuna watu husimulia habari hii wakaishia hapo.

Jumapili kadhaa mjomba alikula chakula cha kwetu; yaani mimi nilimpelekea. Kisha Jumapili moja nikakutana naye njiani baada ya ibada, ana jasho, ana udongo kwenye shati jeupe, amebeba kitu ndani ya jani la mgomba. "Mpelekee dada. Nimefunga mwenyewe." Nilikuwa nimemwona akitoka kanisani kabla ya wimbo wa mwisho, akiinama kama mwenye tumbo la kuhara. Nilidhani hivyo hivyo; kumbe alikuwa anawahi kufukua.

Mama alifungua. Ugwe ulikuwa umefungwa ovyo, vifundo kama vya nyavu. Nyama ilikuwa imeiva kwa juu. Lakini majani ya magimbi yalikuwa bado ya kijani kibichi, na kila mtu kwetu anajua jani la gimbi lisiloiva linavyofanya kooni. Ni kama umemeza manyoya ya kiwavi. Nikasema, "Mama, acha, haijaiva."

Mama alisali sala fupi, akala. Tonge la kwanza likamtoa machozi. La pili akakohoa. Alikula jani kwa jani, nyama, tui, akafuta jani kwa kidole, shingo imemwiva anajikuna kwa nje. Nikamletea maji, akanywa mpaka sauti ilipopatikana.

"Mwambie ni tamu," akasema, na sauti ilikuwa ya chura. "Umeelewa? Tamu. Halafu mwambie…" Akakohoa tena. "Mwambie aiache ndani mpaka wimbo wa mwisho uishe. Haitapotea. Mwambie nitakuwepo, nitamkumbusha."

Nilikwenda nikamwambia yote. Alikuwa amekaa kando ya shimo, ameshalifukia na bado amelikodolea macho. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Amekula yote?"

"Yote."

"Na haikumwasha?"

"Ilimwasha."

Aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, na sikujua kama ni kicheko au kilio mpaka alipouinua uso, vyote viwili vikiwepo. "Rudisha panga langu, mwizi wewe," akasema.

Jumapili iliyofuata nilikaa mahali ninapoweza kumwona. Wimbo wa mwisho ulipoanza alishika benchi la mbele kwa mikono yake isiyo na unywele, akalikamata kwelikweli, anatazama mlango. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Upande wa wanawake, karibu na mlango, penye upepo, mama yangu alikuwa amesimama mahali pa Hepisipa, koo bado halijapona, anaimba kwa sauti mbaya kuliko zote kanisani. Mjomba aliimba naye mpaka mwisho.